Dawa Inayokaa Jichoni

(Maneno haya niliyasema mjini Dodoma mbele ya wagonjwa wa presha ya macho na ndugu zao, mwezi Machi, katika Wiki ya Glakoma Duniani. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, tazameni glasi hii hapa mezani. Ndani yake kuna maji ya chumvi, yale safi ya dripu. Na kwenye kisahani hiki kuna lenzi laini ya kuvaa jichoni, ya kawaida kabisa. Imelala usiku kucha ndani ya fluoresini, ile rangi ambayo daktari hukutia jichoni kabla ya kukuchungulia kwa taa ya bluu. Mnaona ilivyokuwa ya manjano. Sasa ninaitumbukiza kwenye glasi. Saa tatu na dakika kumi. Tuiache hapo, tutairudia.

Mimi ni mfamasia. Matone ya macho nimeyapanga rafuni na kuyatoa dirishani kwa miaka mingi, nikiwaambia watu, "Tone moja asubuhi, tone moja jioni," na wao wakiitikia, "Haya, ahsante." Nilidhani kazi yangu inaishia hapo. Aliyenifundisha kwamba haiishii hapo ni mama yangu.

Mama ana glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho, katika macho yote mawili. Aliandikiwa timololi, matone ya kushusha presha ya jicho, akaitumia kwa uaminifu, hakukosa siku hata moja. Lakini kila akirudi kupimwa, presha iko juu. Kliniki aliyokuwa akienda wakasema dawa imeshindwa, wakamwongezea kichupa cha pili. Presha ikabaki pale pale. Jioni moja nikakaa naye kwenye mkeka barazani, nikamwomba atie dawa mbele yangu. Akafungua kichupa, akainua uso juu, akavuta kope la chini kwa kidole. Mkono wa kulia ndio ule wenye baridi yabisi, ukaanza kutetemeka. Akabinya. Tone la kwanza likatua kwenye nyusi. La pili likaangukia shavuni, likatiririka mpaka kwenye pindo la kanga. La tatu likagonga kope, akapepesa, akafuta kwa kiganja, akasema, "Limeingia." Akafunga kichupa kwa utaratibu, akakirudisha kwenye kikopo chake.

Dawa haikushindwa. Dawa haikufika.

Nilikaa pale mkekani nikapiga hesabu. Kichupa cha mililita 5 hutoa matone 100 hivi. Macho mawili, mara mbili kwa siku, ni matone manne. Kichupa kinatakiwa kitoshe siku 25. Cha mama kilikuwa kinaisha siku ya tisa au ya kumi, na siku zote nilimpelekea kingine bila kuuliza kwa nini. Jibu lilikuwa kwenye pindo la kanga.

Hata tone likiingia sawasawa, wazee wangu, bado safari yake ni ngumu. Machozi yanayolifunika jicho ni machache mno, karibu mikrolita 7, na mikrolita ni mililita moja ukiigawa mara elfu. Jicho likijitahidi sana, bila kupepesa, linaweza kubeba kama 30. Tone moja la kichupa lina 30 mpaka 50. Kwa hiyo sehemu kubwa inamwagika pale pale. Iliyobaki, kila unapopepesa, kope zinaisukuma kwenye vitundu viwili vidogo vilivyoko kona ya ndani, upande wa pua. Humo kuna mfereji wa machozi unaoshuka mpaka puani na kooni. Ndiyo maana mtu anatia dawa jichoni na baada ya muda mfupi anasikia uchungu kwenye koo. Wengi wenu mnaujua uchungu huo, nawaona mnatikisa vichwa. Ule uchungu ni dawa yako inayokwenda zake. Baada ya dakika chache jicho limeshaoshwa, na kiasi kinachopenya kuingia ndani hakifiki hata asilimia 5 au 7, mara nyingi ni chini ya hapo.

Na hiyo inayokwenda zake haiendi kulala. Kutoka puani inaingia kwenye damu. Timololi ikiingia kwenye damu inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua. Mwenye pumu aliye humu ndani, au mwenye moyo unaokwenda polepole, nakuomba kabla hujaondoka uhakikishe daktari wako wa macho analijua hilo. Usione haya kwamba mwaka wa kwanza hukumwambia.

Basi ndipo linapokuja swali lililonileta hapa. Kama taabu ni kwamba dawa haikai, je, hatuwezi kuipa mahali pa kukaa?

Mwaka 1961, wakati wa Krismasi, mkemia mmoja wa Praha, Otto Wichterle, alikuwa nyumbani kwake akiunganisha mashine mezani. Alitumia vyuma vya kuchezea watoto, vile vya kufunga kwa skrubu na nati, na dainamo ya baiskeli kuvizungusha. Alikuwa ameshaondolewa chuoni alikofundisha. Miaka ya nyuma yeye na mwenzake Drahoslav Lím walikuwa wametengeneza plastiki ya ajabu: ikiwa kavu ni ngumu, ikilowa inanywa maji na kuwa laini kama nyama ya dafu. Kwenye ile mashine ya mezani, kwa kuizungusha plastiki ikiwa bado majimaji, akapata lenzi laini za kwanza zilizovalika vizuri. Mamilioni ya watu leo wanavaa vizazi vya lenzi zile.

Sasa fikirini. Kitu kinachokunywa maji kitakunywa pia kilichoyeyuka ndani ya maji. Wichterle na wenzake waliliona hilo mapema. Hataza yao ya Marekani, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya mwaka 1965 inataja kwamba plastiki ile inaweza kubeba dawa. Mwaka huo huo, kule kule Chekoslovakia, daktari aitwaye Sedláček aliandika kuhusu kupeleka dawa jichoni kwa lenzi za namna hiyo. Faida yenyewe ni rahisi kuieleza. Lenzi ikikaa juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kati yake na jicho kunabaki utando mwembamba wa machozi ambao kope haziusukumi kwa urahisi. Dawa inayotoka upande wa ndani wa lenzi inanaswa humo. Badala ya dakika mbili au tano, inakaa nusu saa na zaidi ikiligusa jicho, huku nyingine ikiendelea kutoka nyuma yake. Hapo hata kiasi kidogo kinafanya kazi kubwa, na kinachokwenda kooni kinapungua.

Wazo la mwaka 1965. Lenzi ya kwanza yenye dawa kupata kibali cha serikali ilikuwa Japani mwaka 2021. Marekani ikafuata mwezi Machi 2022. Miaka zaidi ya 50! Mtu akiuliza walikuwa wanafanya nini muda wote huo, jibu liko ndani ya glasi hii. Angalieni sasa. Mnaona wingu la manjano linavyoshuka kutoka kwenye lenzi? Hata dakika kumi hazijapita. Lenzi inanywa haraka, na inatema haraka. Watafiti waliloweka timololi kwenye lenzi za dukani wakakuta karibu yote imetoka ndani ya saa moja au mbili. Mgonjwa wa glakoma anahitaji dawa yake usiku na mchana, wiki hadi wiki. Saa mbili hazimsaidii.

Kwa hiyo kazi yote ya miaka hii imekuwa kuifundisha lenzi uchoyo. Nitawaeleza njia tatu tu, kwa sababu nimezisoma kwa furaha na nadhani nanyi mtazipenda.

Ya kwanza ni ya vitamini E. Anuj Chauhan na wenzake, Chuo Kikuu cha Florida, waliipenyeza vitamini E ndani ya lenzi. Vitamini E ni mafuta, na timololi haipiti kwenye mafuta kwa urahisi. Kwa hiyo ndani ya lenzi inakuwa kama siku ya mnada: ungependa kukata moja kwa moja mpaka upande wa pili, lakini hapa kuna meza ya mitumba, pale wanachoma nyama, kule ng'ombe wamefungwa, basi unazunguka na kuzunguka. Dawa inafika, ila imechelewa, na sisi kuchelewa ndiko tunakokutaka. Saa zikawa siku. Waliwajaribu mbwa wenye glakoma, presha ikashuka, tena kwa dawa kidogo kuliko ile ya matone.

Ya pili, wanaisubirisha dawa ndani ya plastiki tangu plastiki inapoumbwa. Wanachanganya malighafi pamoja na dawa yenyewe, plastiki inaganda ikiwa imeizunguka, kisha wanaiosha dawa itoke. Panabaki mashimo yenye umbo la dawa ile, kama kalibu inavyokuwa na umbo la tofali. Ukiirudisha dawa, inakaa mahali pake na haiondoki kirahisi.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Boston, Marekani, kundi la Joseph Ciolino na Daniel Kohane walichukua latanoprosti, dawa ambayo baadhi yenu mnaitumia usiku, wakaifungia kwenye utando mwembamba wa plastiki inayoyeyuka polepole mwilini, kisha utando ule wakauzika ndani ya lenzi kama bangili: pembeni kuna dawa, katikati pamebaki wazi ili mtu aone. Maabarani lenzi ile ilitoa dawa mwezi mzima. Mwaka 2016 walitangaza matokeo ya nyani wanne wenye glakoma. Lenzi yenye dawa kidogo ilishusha presha kama matone yanavyoshusha, na yenye dawa nyingi ikashusha zaidi ya matone. Nyani wanne ni wachache, najua. Lakini niliposoma nilimwona mama na ule mkono wake, nikafunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Hiyo iliyopata kibali 2021 na 2022 ni ndogo kuliko ndoto hiyo, na ni vizuri kuisema ilivyo. Ni lenzi ya kutupa kila siku, imebeba mikrogramu 19 za ketotifeni, dawa ya aleji. Mtu anaivaa asubuhi, inamsaidia kuona kama miwani, na inazuia muwasho kwa muda wa hadi saa 12. Jioni anaitupa. Haikuwekwa kwa ajili ya glakoma wala kwa macho yaliyokwisha kuwa mekundu. Hata hivyo mlango umefunguka: serikali mbili kubwa zimekubali kwamba lenzi inaweza kuwa chupa ya dawa. Na muwasho si jambo dogo kwetu. Kila mwenye mtoto ambaye msimu wa vumbi ukifika anasugua macho mpaka yanakuwa ya kahawia anajua ninachosema, ingawa aleji ile kali ya watoto wetu inataka daktari na haitibiwi kwa lenzi hiyo.

Sasa nataka tuongee kama watu wa nyumba moja. Kuna kijana aliniuliza mlangoni, "Zikifika lini, tumnunulie bibi?" Nami nakujibu mbele ya wote, mwanangu: hata zingefika kesho, kwanza ningeuliza maswali ya maji na vumbi.

Lenzi ni kitu cha kugusa jicho. Inataka mkono uliooshwa kwa sabuni na kukaushwa. Haitaki maji ya bomba, wala ya kisima, wala ya ndoo hata yakiwa meupe pe, kwa sababu kuna mdudu mdogo, akanthamiba, anayeishi majini, akiingia chini ya lenzi anaila konea kwa maumivu makali na matibabu yake ni ya miezi. Kulala na lenzi kunaongeza hatari ya vidonda vya konea mara kadhaa. Na ile lenzi ya mwezi mzima tuliyoifurahia hapa, maana yake ni kulala nayo. Hilo halina budi kujibiwa kabla ya kitu kingine. Halafu kuna huu upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa nane na wa tisa, ambao mwenye lenzi chembe moja ya mchanga inamlaza.

Tuna mfano wa zamani pia. Mwaka 1974 Marekani iliruhusu kijitando kinachoitwa Ocusert. Kilikuwa si lenzi, kiliwekwa chini ya kope, kikatoa pilokapini, dawa ya glakoma, mikrogramu 20 au 40 kila saa kwa siku 7. Kilikuwa kazi safi ya kisayansi. Lakini wazee walishindwa kukiweka, kingine kilidondoka usingizini mtu asijue, akaendelea na wiki yake akidhani ana dawa. Hatimaye kikaondoka sokoni. Ninawaambia wanaotengeneza lenzi, popote walipo: jaribuni kazi yenu kwenye mikono ya watu wa umri wa mama yangu, na mapema.

Kwa nini basi nahangaika nayo? Kwa sababu sisi ndio tunaoihitaji. Hapa hapa mkoani kwetu, Kongwa, watafiti waliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wakachapisha mwaka 2000: asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Watu wanne katika kila mia! Na Moshi, katika hospitali ya KCMC, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 wa wagonjwa 201 wa glakoma. Wengine walipigwa leza, mwanga maalumu wa kutibu jicho, wengine wakapewa timololi. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, baadhi yakiwa yamerudiwa mara moja. Timololi ilifanikiwa kwenye asilimia 31. Dawa ni nzuri, imeokoa macho mengi duniani. Lakini dawa inayodai mkono usiotetemeka mara mbili kila siku mpaka kufa haiwezi kushindana na tiba inayofanywa mara moja au mbili ikakaa. Kwa hiyo leo, kabla ya lenzi, mwulizeni daktari kuhusu leza. Ipo, na ushahidi wake umetoka kwenye macho ya Watanzania.

Mahali ambapo lenzi ya dawa ingeniliza kwa furaha ni kwingine, na hapazungumzwi sana. Ni kwenye vidonda vya jicho vya fangasi. Mkulima anapigwa na jani la hindi au unyasi wakati wa kuvuna, siku tatu jicho limekuwa jeupe. Dawa yake ni natamisini, na mwanzoni hutiwa kila saa, usiku na mchana. Kila saa! Nani atamtilia? Mkewe hajalala siku tatu. Wodini nesi mmoja ana wagonjwa thelathini. Nilishamwona baba mmoja kitandani ameshika kichupa mwenyewe, jicho zima ndilo linalotafuta njia ya lile bovu. Kule Waterloo, Kanada, wapo waliojaribu kuifunga natamisini kwenye lenzi, bado ni ya maabara. Hapo mgonjwa yuko wodini, lenzi inavalishwa na daktari, inatolewa na daktari, maji na vumbi vinadhibitiwa. Madaktari wetu tayari wanatumia lenzi laini kama bendeji ya konea baada ya baadhi ya upasuaji. Kuigeuza bendeji hiyo ibebe dawa ya siku moja tu, si ya mwezi, siku moja tu, kungemruhusu yule mke wa mgonjwa alale.

Vijana wa famasia na wa kemia mlioko nyuma, mada ya utafiti ndiyo hiyo.

Saa tatu na dakika hamsini. Tuiangalie glasi. Maji yote yamekuwa ya manjano, na lenzi, subirini niitoe kwa kibanio, imebaki karibu haina rangi. Dakika arobaini tu. Nitaiacha hapa mezani, mje muione kwa karibu.

Na mama yangu? Tulitupa ule utaratibu wa kuinua uso akiwa amekaa. Sasa analala chali kitandani, anafumba macho, mjukuu anadondosha tone kwenye kona ya ndani, mama anafumbua, dawa inatiririka yenyewe kuingia. Kisha anafumba tena na kubonyeza pale kwenye kona, karibu na pua, kwa kidole, dakika mbili au tatu, ili kile kimfereji kisiinywe. Mwenye dawa ya pili husubiri dakika tano. Presha yake ilishuka kwa kichupa kile kile cha kwanza, na cha pili daktari alikiondoa.

Pale kwenye benchi pembeni ya mlango kuna mkeka na mito, na vichupa vya maji ya chumvi matupu kwa ajili ya kujifunzia. Kila aliyekuja na mgonjwa aje naye. Bibi mwenye kitenge cha kijani, tuanze na wewe. Nishike mkono, taratibu, kuna ngazi moja hapo.